Kompyuta ya Baba na Jumatano Isiyokwisha

2 Februari 2004

Mjomba Profesa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiwa umesimama utaanza kuwasomea watu kwa sauti. Sisi tuzima. Mama goti linamsumbua asubuhi, ikifika saa nne limechoka kulalamika naye anaendelea na kazi zake. Shangazi alikuja akakaa siku mbili, akatuambia tunatia chumvi nyingi kwenye chakula, akaondoka na pakiti yetu ya chumvi.

Habari kubwa ni kwamba nimeacha kazi ya kuajiriwa. Nachora ramani za nyumba, kazi ya baba. Usicheke. Watu aliowachorea baba sasa wanataka kuongeza vyumba, na michoro yao yote imo ndani ya kompyuta yake, haimo kwingine. Basi nikaishusha kutoka juu ya kabati, nikaikung'uta vumbi, nikaiwasha. Mjomba, ikawaka! Miaka saba chini ya kitambaa, ikawaka kama iliyozimwa jana.

Ila haikumbuki kitu. Kila nikiiwasha inasimama na maandishi meupe kwenye giza, inasema mipangilio yake imepotea, nibonyeze kitufe cha F1. Nikibonyeza inaendelea, lakini imesahau disketi, imesahau printa, imesahau tarehe. Kila asubuhi naifundisha upya kama mtoto wa chekechea. Fundi wa hapa mtaani ameitazama kwa mbali akaniambia ninunue mpya. Nikajua huyo si fundi, huyo ni mteja kama mimi.

Mama hataki kuiona. Hapiti hata mbele ya kile chumba alichochorea baba. Unajua habari za baba haziguswi humu ndani. Nisaidie nimalize kazi za watu, kisha niifunike tena.

Mpwa wako,
Bi Rula

* * *

20 Februari 2004

Bi Rula wangu, mtoto wa dada yangu, mnyoosha mistari,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Barua yako imenikuta kwenye lifti namba mbili, juu ya paa lake, ninapofanyia kazi. Nimeisoma nikining'inia ghorofa ya kumi na nane. Wewe una mjomba mwingine anayesoma barua mahali pa namna hiyo? Huna.

Mwambie dada apashe goti kwa kitambaa cha maji moto. Na hiyo chumvi mwacheni nayo shangazi, itamkumbusha adabu.

Mimi nipo kama unavyonijua. Jengo lina ghorofa ishirini na mbili na lifti nne, na zote zinanisikia mimi tu. Juzi mkurugenzi mmoja mwenye tumbo lenye cheo alikwama kati ya ghorofa ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Wahandisi wenye vyeti wakasimama nje wanajadiliana Kiingereza. Mimi, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu shule haikuweza tena kunifundisha, nikaingia na bisibisi moja. Dakika nne. Mkurugenzi akatoka analia, nikampa leso yangu. Sasa ni rafiki yangu. Ananisalimia kwa kichwa.

Tuje kwa mgonjwa wako. Huyo haumwi, ana njaa. Kwenye lile bao kubwa la kijani ndani ya kompyuta kuna betri ya duara, ya rangi ya fedha, kubwa kama kifungo cha koti. Umeme wa ukutani ukizimwa, betri hiyo ndiyo inayoshika saa, tarehe na mipangilio mpaka utakapowasha tena. Ikifa, mashine inaamka haijijui. Inarudi tarehe ya kiwandani, pengine mwaka wa themanini na kitu, siku iliyozaliwa. Mashine ni kama wazee. Ikisahau yote, utoto inaukumbuka.

Zima, chomoa waya ukutani. Shika bomba au nondo ya dirisha kwanza, umeme wa mwili wako ushukie huko. Fungua skrubu, zipange kwenye kisahani, usizitie mdomoni kama nifanyavyo mimi, nimeshameza mbili. Betri itoe kwa ukucha, si kwa kisu. Mpya iweke maandishi yakiangalia juu. Washa, weka tarehe na saa, hifadhi, basi. Mengine yaliyomo humo usiyapekuepekue. Ukishaweka tarehe, funga.

Mjomba wako,
Profesa

* * *

14 Machi 2004

Mjomba,

Shikamoo. Goti limepoa kwa maji moto, mama anakushukuru, na anauliza hizo skrubu mbili zilitokea wapi. Mkurugenzi naye msalimie, kwa kichwa.

Nimefanya yote ulivyosema. Betri ya zamani ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Nilipoweka mpya, yale maandishi meupe yakapotea, nikapiga makofi peke yangu chumbani. Disketi inaikumbuka. Printa inaikumbuka. Kilichobaki ni tarehe.

Ulisema itarudi siku iliyozaliwa. Hairudi huko. Inarudi tarehe 12 Machi 1997, Jumatano, saa nane na robo mchana. Niiwashe asubuhi, niiwashe jioni, ni Jumatano, saa nane na robo. Nikiiwekea tarehe ya leo inakubali, inakwenda nayo siku nzima bila ubishi. Nikiizima na kuiwasha, Jumatano. Nimejaribu betri ya pili, nikanunua ya tatu duka jingine kabisa. Jumatano.

Siku hiyo sihitaji kukueleza. Mimi nilikuwa shule ya bweni, nililetewa habari kwamba baba katoka mchana na hajarudi, na viatu vyake vyeusi havipo, na suruali yake ya kijivu haipo. Halafu wakaja majirani na ile habari ya mwanamke fundi cherehani wa mtaa wa pili, kwamba naye kahama wiki ile ile. Nikakua nikiwa mtoto wa mwanaume aliyevaa vizuri akaenda kwa mwanamke.

Nakuandikia jambo jingine, cheka ukitaka. Kila nikiiwasha hiyo kompyuta, dakika kama moja hivi baadaye, geti la nyuma linalia. Lile la bati, mlio wake unaujua. Mara ya kwanza nilidhani upepo. Mara ya tano nilitoka mbio. Geti limefungwa, komeo liko mahali pake, uchochoro mtupu mpaka mwisho.

Na mama kaiona. Juzi, tarehe 12 yenyewe, nilikuwa naiwasha, nikasikia pumzi nyuma yangu. Kasimama mlangoni na taulo begani, anasoma skrini. Nikataka kuzima. Akanishika mkono. Geti likalia. Akageuza shingo taratibu kuelekea huko, akasema, "Saa nane na robo. Basi hajafika mbali."

Sauti haikuwa ya hasira, Mjomba. Miaka saba sijamsikia akimsema baba bila hasira.

Nijibu haraka. Kwa nini tarehe hiyo?

Bi Rula

* * *

6 Mei 2004

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa, kazi zilikuwa nyingi, na posta ya huku inakwenda kwa magoti.

Hiyo kompyuta ni ya zamani mno. Bao likishapata ukungu halina dawa. Nakushauri uitupe. Usimpe mtu, usiiuze, itupe. Wateja waende wakapimiwe nyumba upya.

Kuhusu geti, tia mafuta bawaba.

Msalimie dada.

Mjomba wako

* * *

23 Mei 2004

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta ilipo. Niliandika kurasa nne, umenijibu mistari saba. Hakuna mkurugenzi, hakuna ghorofa, hata "Profesa" hukuweka chini. Wewe, uliyewahi kukaa siku nzima na pasi iliyoungua ukisema bado ina roho, leo unaniambia nitupe. Wewe hujawahi kutupa hata skrubu. Unazimeza.

Na umesema "msalimie dada," hukuuliza yukoje. Nitakueleza bila kuulizwa.

Mama hali. Kila siku anapika chakula cha mchana, anapakua sahani mbili, anaketi kwenye kiti cha baba mbele ya ile kompyuta, anaiwasha mwenyewe kwa kidole kimoja. Geti likilia ananyanyuka, ananyoosha gauni, anasubiri. Kikipita kitambo anakaa tena. Namwambia, "Mama, kula." Ananiambia, "Nitakula naye. Katoka sasa hivi tu." Namwambia baba katoka miaka saba iliyopita. Ananitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyepotewa na akili, ananionyesha skrini. Siku moja niliuficha waya. Alikaa mbele ya kioo cheusi tangu mchana mpaka jua likazama, hata maji hakugusa. Nikamrudishia waya wake.

Daktari kampima, hana ugonjwa. Kasema tu kwamba mwili wake hautavumilia mpaka mwisho wa mwaka. Gauni la bluu ulilomletea safari ya mwisho ulipolala kwetu linamzunguka mara mbili.

Kuna na hili. Tangu niache kuiwekea tarehe, kila mchoro ninaohifadhi unaandikwa tarehe ya 12 Machi 1997, kwa hiyo ya kwangu na ya baba imechanganyika, zote zinaonekana zimechorwa mchana ule. Juma lililopita nilikuwa natafuta mchoro wa nyumba ya mwenye duka la vioo, yule anayeongeza vyumba viwili upande wa nyuma. Nilikuwa nimechora chumba kimoja tu, cha pili nikakiacha. Nilipoufungua, chumba cha pili kimeshachorwa. Kimechorwa vizuri kuliko ninavyoweza. Na kando ya mlango kuna kiti kidogo. Unakumbuka baba alikuwa anachora kiti kidogo kando ya mlango wa kila nyumba, anasema hata ramani inahitaji pa kukalisha mgeni? Mimi sichori kiti. Mama hajui hata kushika kipanya. Na hicho kiwanja cha nyuma mwenye duka kakinunua mwaka jana.

Sikuombi unieleze kiti. Nakuomba unieleze kilicho kwako. Tangu nikutajie tarehe umenyamaza, na wewe kunyamaza ni ugonjwa. Kama unajua neno lolote la Jumatano ile, liandike. Mama yangu anakufa kwa kumngojea mtu mezani.

Bi Rula

* * *

11 Juni 2004

Bi Rula, mwanangu,

Marahaba. Goti la dada silijui sasa likoje, wala sina haki ya kuuliza. Kaa chini usome. Ukimaliza, utaamua kama bado ni mjomba wako.

Ile tarehe si betri. Nilijua si betri tangu barua yako ya kwanza, nikajifanya fundi kwa kurasa mbili nikitumaini nimekosea. Ndani ya kompyuta hiyo kuna faili liitwalo AUTOEXEC. Mashine hulisoma kila inapoamka na kutii lililoandikwa humo. Mistari miwili ya mwisho niliiandika mimi. Mmoja unaiambia tarehe ni 12 Machi 1997. Wa pili unaiambia saa ni nane na robo mchana. Ukiiwekea betri elfu itatii hiyo mistari.

Nitakueleza ilivyokuwa.

Jumapili kabla ya siku hiyo, baba yako alilalamika mashine inasahau tarehe. Mimi mbele ya dada nikapiga kifua. Nikafungua, nikachokonoa, nikafunga, nikatangaza, "Nimeweka betri mpya ya kudumu miaka kumi, imetoka ng'ambo." Sikuwa nimeweka kitu. Sikuwa na betri. Niliipuliza vumbi tu, maana dada alikuwa ananitazama kwa ile fahari yake, na mimi nikitazamwa hivyo siwezi kujizuia. Alinisifu mtaa mzima.

Jumatano nikaja saa saba. Dada yuko kazini, anarudi saa kumi. Shemeji yuko peke yake anachora. Nilikuwa nimeitwa kwenda kuhojiwa kwa kazi hii ya lifti, saa tisa na nusu, na viatu vyangu vilikuwa vimefungua mdomo mbele. Shemeji hakusubiri nimalize kuomba. Akavua viatu vyake vyeusi, akavua na suruali ya kijivu, akanivalisha kama bwana harusi. Yeye akabaki na kaptula ya nyumbani, fulana nyeupe na ndala za bluu za bafuni. Akanizunguka, akasema, "Profesa, leo hata lifti itakupisha."

Umesoma hapo? Viatu vyeusi na suruali ya kijivu nilivivaa mimi.

Halafu akaniambia, "Ila betri yako ya miaka kumi imekufa kwa siku tatu." Akacheka mpaka akakohoa. Nikaona aibu. Nikamwomba asimwambie dada. Nikamwambia, "Shemeji, pitia geti la nyuma, nenda duka la umeme kule barabara kuu, niletee betri ya duara. Nitaiweka kabla dada hajarudi, hatajua mtu." Akasema, "Leo umeumbuka, Profesa," akatoka akiwa bado anacheka. Nilisikia geti likilia. Nilitazama saa yangu. Saa nane na robo.

Nilipokuwa namngoja nikaandika ile mistari miwili, ili kama dada angetangulia kurudi, akiwasha aione tarehe sahihi asigundue. Ilikuwa ya kufunika saa moja tu. Niliweka mpaka saa na dakika, kwa kujiona mjuzi.

Nikangoja mpaka saa tisa. Nikamkasirikia. Nikasema huyu kakuta watu wa kupiga nao soga. Nikafunga kompyuta nikaenda kwenye mahojiano, nikapata kazi, nikapitia chumba nilichokuwa nimepanga nikavaa nguo zangu, viatu vyake nikavisukuma chini ya kitanda. Nilipofika kwenu jioni kumwambia dada habari njema, nyumba imejaa watu. Dada analia, "Viatu vyake havipo. Suruali yake haipo. Kavaa akaenda." Mtu akaniuliza, "Ulikuwepo mchana?" Nikasema, "Nilipita mapema, nikamwacha anachora."

Hilo ndilo neno nililosema. Nilidhani asubuhi atarudi na tutacheka. Kesho yake wakamleta fundi cherehani mdomoni, na mimi, Mungu anisamehe, nilipumua. Nikaona basi, kumbe alikuwa na lake, si mimi niliyemtuma. Dada akaenda polisi kumtafuta mwanaume mwenye suruali ya kijivu na viatu vyeusi, akaelekea stendi ya mabasi. Nikamwona anakwenda upande usio, nikamwacha. Baada ya siku tatu akaacha kutafuta kwa hasira. Jumamosi nikasafiri kuja kuanza kazi huku. Nilisafiri nimevaa viatu vyake, maana vyangu vilikuwa vimefungua mdomo.

Unanijua mimi ni mtu wa maneno. Nimesimulia nchi nzima hii habari za mkurugenzi. Hili sijawahi kumsimulia mtu.

Tangu barua yako ya Machi, lifti namba mbili inashuka yenyewe mchana na kusimama ghorofa ya chini. Mlango unafunguka. Haingii mtu, hatoki mtu. Unakaa wazi kitambo, kama unamsubiri mtu asiye na haraka, kisha unajifunga. Sihitaji kukuambia saa ngapi. Nimeifungua mara nne mpaka nyaya za mwisho. Haina kosa. Wale wahandisi wenye vyeti wameniuliza, Profesa, ni nini? Nimewaambia ni betri.

Mistari ile miwili ukiifuta, kompyuta itashika tarehe. Ni kazi ya dakika moja. Barua hii msomee dada, au usimsomee. Hapo sina ushauri, na ni mara ya kwanza maishani mwangu sina.

Mjomba wako

* * *

19 Julai 2004

Mjomba,

Shikamoo.

Nimekaa wiki mbili bila kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo mtu hamwandikii mjomba wake. Nimeyachana.

Nilimsomea mama. Nilichagua mchana, sahani mbili zikiwa mezani na geti limeshalia. Alisikiliza bila kunitazama. Nilipofika kwenye viatu aliinua mkono. "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Nikarudia. Akauliza, "Kwa hiyo alitoka na ndala?"

"Ndala za bluu za bafuni," nikasema.

Akageukia upande wa geti. Halafu akasema, kama anayemwambia mtu aliye jirani naye, "Mwanaume haendi kwa mwanamke na ndala za bafuni." Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani analia, naye alikuwa analia, lakini kabla hajamaliza kulia alivuta sahani akaanza kula. Alikula yake. Akatazama ya pili, akanisogezea mimi. Nikala. Kilikuwa kimepoa, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Kesho yake akavaa akaniambia, "Twende upande aliokwenda." Tukatoka kwa geti la nyuma. Uchochoro, kisha barabara kuu. Duka la umeme halipo tena, pana duka la magodoro. Mama akasimama pale kwenye kivuko, magari yanapita kama yamefukuzwa, akamuuliza mtu wa duka, "Mtu akigongwa hapa hupelekwa wapi?" Akatajiwa hospitali ya ng'ambo ya barabara. Mwaka ule tulimtafuta hospitali ya upande wetu tu. Ya upande ule hatukufika, maana hakukuwa na sababu ya baba kuwa upande ule.

Karani wa kumbukumbu alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole. Alishusha daftari kubwa, akafunua mpaka Machi 1997, akateremsha kidole, kikasimama. Akatutazama kwanza, kisha akasoma. Mwanaume, jina halijulikani, umri kama miaka hamsini. Kagongwa na gari barabara kuu. Kaptula, fulana nyeupe, ndala moja ya bluu. Kafikishwa saa nane na dakika arobaini, akiwa ameshakufa. Mama akauliza alikutwa na nini mkononi. Karani akasoma, "Hakuna." Hakufika dukani, Mjomba. Ulipokuwa umekaa unamkasirikia kwamba anapiga soga, alikuwa ameshaandikwa kwenye daftari lile. Walimhifadhi mwezi mzima wakingoja ndugu. Kisha wakamzika na wasio na wenyewe, safu ya sita, kaburi la kumi na nne. Tumefika. Kuna nyasi tu na kipande cha bati chenye namba. Mama alikaa chini pale pale na gauni lake zuri, akamweleza habari za miaka saba, moja moja, mpaka za chumvi.

Anakula sasa. Uso unaanza kujaa. Ameniagiza nimtafute yule fundi cherehani popote alipohamia, anataka kwenda kumwomba radhi kwa mdomo wake, kwa kila alilomwita.

Niliketi nifute ile mistari yako miwili. Nimeikuta kama ulivyosema, mwisho wa faili. Mama akanizuia. Akasema, "Wewe usiguse. Aliyeiandika atakuja aifute kwa mkono wake." Kwa hiyo kompyuta bado inaamka Jumatano. Geti nalo bado linalia, dakika moja baadaye. Sasa hatunyanyuki. Mama anasema tu, "Pita salama," anaendelea kuchambua mboga zake. Mchoro wa mwenye duka la vioo nimemkabidhi na kiti chake, sikukifuta.

Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akaniambia niandike hivi hivi alivyosema, nisiongeze wala nisipunguze.

Anasema hajakusamehe. Anasema chumba chako ameshakifagia.

Mpwa wako,
Bi Rula